Barafu ya Mbwa na Hesabu ya Joto

Mwezi Oktoba, mabibo yanapoanza kudondoka chini ya mikorosho ya Ruangwa na Nachingwea, mbwa wa kijiji cha Matambarale huwa kazini. Wanaongozana na wenye mashamba tangu alfajiri, wanabwekea nyani na ngedere, na ikifika saa saba mchana utawakuta wamejilaza kivulini, ndimi nje, mbavu zikipanda na kushuka kwa kasi. Mvua bado haijanyesha. Joto la kivulini limepita nyuzi 30, na udongo ulioachwa wazi kwa jua ni wa moto kuliko hewa iliyo juu yake.

Katika nchi nyingi wenye mbwa siku hizi huwatengenezea barafu za kulamba: matunda yaliyopondwa, mtindi, siagi ya karanga, vyote vikagandishwa pamoja. Mapishi yako tele na ni rahisi. Lisiloelezwa ni kwa nini barafu imsaidie mbwa, na imsaidie kwa kiasi gani. Jambo hili linastahili kuanzwa kwenye mzizi wake, yaani kwenye joto lenyewe, kwa sababu jibu linalopatikana humo linamhusu hata asiye na friji.

Tumchukue mbwa wa kilo 15, uzito wa kawaida wa mbwa wetu wa vijijini. Kwa siku mwili wake hutumia chakula chenye nishati ya kilokalori 850 hivi, sawa na kilojuli 3,550. Nishati hiyo haipotei. Moyo unasukuma damu, misuli inavuta, ini linachuja, na mwisho wa yote karibu nishati yote hiyo inageuka kuwa joto. Gawa kwa saa 24 utapata takriban kilojuli 150 kila saa kwa wastani.

Sasa tuulize: joto hilo likikosa pa kutokea, itakuwaje? Kupandisha kilo moja ya mwili wa mnyama kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 3.5 hivi, kwa hiyo mbwa wetu mzima anahitaji kilojuli 52 kwa kila nyuzi. Kilojuli 150 kwa saa zitampandisha karibu nyuzi tatu. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.5 hivi, ongeza tatu, amepita 41, na huko ndiko ubongo, figo na utumbo huanza kuharibika. Mbwa akifungiwa mahali ambapo joto lake haliwezi kutoka, anaweza kufikia hatari ndani ya saa moja. Ndiyo maana mbwa hufa ndani ya gari lililofungwa vioo juani, au ndani ya kibanda cha bati kisicho na tundu la hewa.

Joto linatokaje basi? Sehemu moja hutoka kwa kuhamia kwenye hewa na ardhi iliyo baridi kuliko mwili. Njia hii hutegemea tofauti ya joto: asubuhi ya Julai, hewa ikiwa na nyuzi 18, tofauti ni kubwa na joto linakimbia lenyewe. Mchana wa Novemba hewa ina nyuzi 33, tofauti imebaki ndogo, na joto linatoka kwa kusuasua. Mbwa akisimama juani mambo hugeuka kabisa, maana anapokea joto badala ya kulitoa. Kinachobaki ni maji.

Maji yanapogeuka kuwa mvuke huondoka na joto jingi mno. Gramu moja ya maji, ikivukizwa kwenye joto la mwili, inabeba kilojuli 2.4. Binadamu tunatumia njia hii kwa jasho, kwa kuwa ngozi yetu karibu yote ina tezi zake. Mbwa tezi za namna hiyo anazo kwenye nyayo tu, na nyayo zake ni ndogo mno kuupoza mwili wote. Yeye huvukiza maji ndani ya pua, mdomoni na juu ya ulimi, na ili hewa ipite hapo kwa wingi anatweta: pumzi fupifupi, 300 hadi 400 kwa dakika.

Mtu anaweza kufikiri kwamba kuhema kwa kasi hivyo kunazalisha joto jingi kuliko linalotolewa. Lakini kifua cha mbwa kina mwendo wake wa asili, na mbwa hutweta kwa kufuata mwendo huo huo, hivyo misuli inafanya kazi kidogo tu. Pia njia ya hewa imepangwa kwa ustadi. Mwaka 1970 watafiti Knut Schmidt-Nielsen, C. Richard Taylor na mwenzao walichapisha katika jarida la Science kwamba mbwa anayetweta huvuta hewa zaidi kwa pua na kuitoa zaidi kwa mdomo. Pua ina kuta nyingi zenye unyevu, kwa hiyo hewa ikipita humo inashiba mvuke. Ingetokea pale pale ilipoingilia, sehemu ya mvuke ingerudi kuwa maji puani na joto lingebaki mwilini. Ikitokea mdomoni, inakwenda na joto lake.

Taylor huyo anafahamika Afrika Mashariki kwa kazi aliyoifanya Muguga, nchini Kenya, akichunguza jinsi pofu na choroa wanavyohimili ukame. Mwaka 1971 yeye na wenzake walichapisha pia matokeo ya kumkimbiza mbwa mwitu wa Afrika na kumlinganisha na mbwa wa kufugwa. Mbwa mwitu aliuacha mwili wake upande joto zaidi wakati wa kukimbia, na hivyo akatumia maji machache kujipoza. Jamaa hao wa porini bado wanaishi kaskazini-magharibi mwa Ruangwa, katika Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mbwa wa nyumbani hana subira hiyo ya joto. Akikimbia anatumia maji, na maji hayo ni lazima apewe.

Hapa tunaweza kuileta barafu mezani na kuipigia hesabu. Chukua gramu 100 za barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri. Kuiyeyusha kunahitaji kilojuli 33. Kuyapasha maji yaliyopatikana kutoka sifuri hadi joto la mwili wa mbwa kunahitaji nyingine 16. Jumla ni kilojuli 50 hivi, ambazo barafu inazichota mwilini mwa mbwa. Si haba, maana ni kama joto analozalisha kwa wastani katika dakika 20.

Lakini maji hayo hayajamaliza kazi yake. Yamo tumboni, yataingia kwenye damu, yatafika kwenye tezi za pua na mate, na yakivukizwa yote yatabeba kilojuli 240 nyingine. Baridi ya pili, ile ya mvuke, inakaribia mara tano ya ile ya barafu.

Linganisha sasa na gramu 100 za maji ya mtungi, yenye nyuzi 22. Kuyapasha hadi joto la mwili kunachota kilojuli 7 tu, kisha yanatoa zilezile 240 za mvuke. Barafu imetupa 290, mtungi umetupa 247. Friji, pamoja na umeme wake, imeongeza takriban moja ya sita. Ni kweli kwamba maji yote hayavukizwi, mengine hutoka kama mkojo. Hata hivyo nusu tu ya maji hayo ikivukizwa, bado mvuke unaishinda barafu zaidi ya mara mbili. Kinachompoza mbwa kwenye barafu ni maji yaliyomo.

Mtungi wenyewe unafanya kazi kwa kanuni ileile ya pua ya mbwa. Udongo uliochomwa una vitundu, maji yanapenya hadi nje, yanavukizwa, na joto la kuyavukiza linatolewa kwenye maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta haupozi, na ule uliowekwa penye upepo na kivuli unapoza vizuri kuliko uliofichwa kwenye kona ya stoo.

Hata hivyo, kuna siku barafu inastahili heshima kamili. Uvukizi unahitaji hewa kavu ya kupokea mvuke. Mwishoni mwa mwaka mawingu yanapojikusanya na hewa kujaa unyevu kabla ya mvua, mtungi unapoza kwa shida na mbwa anatweta bila mafanikio makubwa, kwa sababu hewa inayopita kwenye ulimi wake tayari imekaribia kushiba. Barafu haiulizi hewa ikoje. Zile kilojuli 50 inazichota kwenye unyevu au kwenye ukavu, Lindi mjini ufukweni au Matambarale ndani. Pia mbwa akipewa barafu hulala chini na kuilamba polepole, na kutulia huko ni faida, kwa kuwa mbwa anayekimbia huzalisha joto mara kadhaa ya aliyelala.

Tuingie jikoni. Chombo kizuri cha kugandishia ni kifuu cha nazi kilichosafishwa, au kikombe cha plastiki kisichovunjika kirahisi. Kopo la bati liache. Chuma husafirisha joto haraka, na ulimi wenye mate ukigusa chuma chenye baridi ya chini ya sifuri, mate huganda papo hapo na ulimi kunasa. Vifuko vya plastiki kama vile vya barafu za ubuyu navyo havifai, kwani mbwa atavimeza pamoja na barafu na vinaweza kuziba utumbo.

Ponda papai bivu lisilo na mbegu, nusu kikombe. Weka vijiko viwili vya mtindi usiotiwa sukari na kijiko kimoja cha chai cha karanga zilizosagwa bila chumvi, ongeza maji safi hadi karibu na ukingo, koroga, funika, gandisha usiku kucha. Tikitimaji lisilo na mbegu linaweza kuchukua nafasi ya papai, hata boga lililochemshwa au ndizi mbivu. Ukipenda, tumia supu ya vichwa vya samaki iliyochujwa miiba yote na kuenguliwa mafuta. Mbwa wengi wataichagua hiyo kabla ya tunda lolote.

Mtindi una sababu yake. Mbwa aliyekomaa ana uwezo mdogo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na maziwa mabichi mengi humharisha. Bakteria wa mtindi wamekwisha kuigeuza sehemu ya sukari hiyo kuwa asidi. Tena maji matupu yakiganda yanakuwa jiwe, na mbwa mwenye pupa anaweza kuvunja jino. Maji yenye sukari ya tunda, protini na mafuta hayagandi yote kwa pamoja: fuwele za barafu zinajitenga, na katikati yake unabaki mchanganyiko mzito usioganda kwa urahisi. Kwa hiyo barafu ya papai na mtindi inatafunika. Hata hivyo iache nje dakika tano hadi kumi kabla ya kumpa.

Kijiko kimoja cha chai cha karanga kina kilokalori 30 hivi. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, na kwa mbwa wetu hiyo ni kilokalori 85. Kijiko kikubwa cha karanga peke yake kinaimaliza yote. Mbwa wengi wa vijijini wana njaa kuliko unene, hilo nalijua; mbwa mwembamba umpe ugali na dagaa wasio na chumvi kwenye sahani yake, barafu ibaki ya maji.

Karanga zina historia ndefu hapa. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Urambo, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake. Mradi ulikufa, lakini wakulima wadogo waliendelea na zao hilo, na karanga ya kutwangwa nyumbani ni salama kwa mbwa kuliko baadhi ya siagi za karanga za dukani. Baadhi ya siagi za kutoka nje na bazoka nyingi zisizo na sukari hutiwa zailitoli, ambayo binadamu haimdhuru. Kongosho la mbwa huidhania kuwa sukari, linamwaga insulini kwa wingi, na sukari halisi ya damu inaporomoka. Gramu moja na nusu inatosha kumwangusha mbwa wa kilo 15.

Adui wa karanga za nyumbani ni sumukuvu. Ilitambuliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, na chanzo kikawa chakula cha mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, safari hiyo kupitia mahindi. Mwishoni mwa 2020 iliua mbwa zaidi ya 100 Marekani kupitia chakula cha dukani. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, na ini ndilo linaloanguka kwanza. Kuna mazoea mabaya ambayo lazima niyataje: karanga na mahindi yaliyooza, ambayo mtu hawezi kuyala, hupelekewa mbwa. Kugandisha hakusaidii. Baridi huwasimamisha kuvu na bakteria wasizaliane, haiwaui wote, wala haivunji sumu waliyokwisha kuiacha. Kupika nako hakutoshi, maana sumukuvu huhimili joto linalopita nyuzi 200. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe kabisa.

Mabaki ya mchuzi yasigandishwe kwa ajili ya mbwa. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina viini vya salfa vinavyoharibu chembe nyekundu za damu yake, na kupika hakuviondoi. Vitunguu maji vibichi vya gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mbwa vimeonekana kumdhuru, na kiasi kidogo kinachorudiwa kila siku hujikusanyia madhara. Zabibu na chokoleti nazo ni sumu kwake. Mabibo yaliyochacha yana kileo, hayafai hata kidogo, na maganda mabichi ya korosho yana mafuta yanayochoma mdomo kama yanavyochoma vidole vya wabanguaji.

Asiye na friji lakini anaweza kununua bonge la barafu, kwa muuza samaki au muuza soda, anaweza kugandisha vilevile. Vunja barafu vipande vidogo ndani ya ndoo, changanya na chumvi ya mawe, sehemu moja ya chumvi kwa tatu za barafu, kisha uzike humo kikombe chako kilichofunikwa vizuri. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka chini ya nyuzi sifuri, na ili iyeyuke inahitaji joto, hivyo inalichota kwenye kila kilicho karibu. Mchanganyiko unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Ukimaliza mwaga maji hayo mbali, kwa kuwa mbwa mwenye kiu atayanywa na chumvi nyingi namna hiyo inaua.

Wengi wetu kusini ni Waislamu, na suala la mate ya mbwa lina hukumu zake. Kikombe cha kugandishia hakijaguswa na mbwa. Kinaweza kukaa kwenye friji ya nyumba kikiwa kimefunikwa. Barafu iwekwe kwenye sahani ambayo ni ya mbwa peke yake, isiyoingia jikoni. Na hakuna Mwislamu asiyeijua habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake.

Yako mambo mawili ambayo barafu haiyawezi. La kwanza ni mbwa aliyekwisha kuzidiwa na joto: anayumba, anatapika, fizi zimekuwa nyekundu sana, au amezimia. Usimtie barafu mdomoni, atapaliwa. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee mfululizo ili maji yavukizwe kwenye manyoya, kisha ndipo umtafute daktari wa mifugo. Mpoze kabla ya kumsafirisha.

La pili ni zito zaidi. Mbwa anayetokwa na udenda, anayeshindwa kumeza, aliyelegea taya au aliyebadilika tabia anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, wala si kiu. Usimkaribie na barafu wala na bakuli. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya mradi wa kutokomeza ugonjwa huu ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia 2010, na chanjo ya mbwa ndiyo iliyokuwa silaha yake kuu. Hata hapo friji si kikwazo kama tulivyodhani: mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Tanzania walionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana kwa mbwa hubaki na nguvu baada ya kukaa miezi mitatu kwenye nyuzi 30.

Msimu wa korosho unaingia na joto lake kali. Anayekwenda shambani na mbwa, namwomba abebe lita moja ya maji kwa ajili yake, aiweke kivulini ndani ya chombo cha udongo, na aongeze kila kinapokauka. Mwenye friji agandishe na kifuu cha papai.